Kichupa Kitupu Kisicho Kitupu

Mama Pacha kazi yake ni kuosha vyombo vya maabara, na huu ni mwaka wa saba. Shule aliachia darasa la saba, lakini macho yake hayakuacha kusoma.

Asubuhi ile msimamizi alimwita mbele ya wenzake wote. Protini iliyoletwa jana haipo, ile ya binadamu inayohusiana na saratani ya tezi dume.

"Mama Pacha, baba yako si anaumwa tezi dume?"

"Anaumwa."

"Basi rudisha ulichochukua. Huruma tunayo, lakini wizi ni wizi."

Baba yake, mzee wa watu, kila akienda msalani huomba radhi kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Leo ugonjwa wake umegeuzwa ushahidi.

"Bosi, ile si dawa. Imeandikwa ubavuni mwa boksi: kwa utafiti tu. Wala haikutolewa kwa mtu; imetengenezwa ndani ya bakteria, ifanane na ya mtu. Nikamnyweshe baba yangu kitu cha kufanyia majaribio? Mimi ni maskini, si mwehu."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Nani kakufundisha hayo?" msimamizi akahoji.

"Ninyi mnaongea, mimi naosha. Masikio sikuyavua mlangoni." Kisha akauliza taratibu, "Kwani jana ilikuwaje?"

"Boksi lilishinda kwenye meza unayofuta wewe. Jioni nalifungua, nakuta kichupa kitupu, nikakitupa. Protini ilikwenda wapi?"

Mama Pacha alivaa glavu, akaenda kwenye ndoo ya vioo vibovu ambayo hakuwa ameimwaga bado, akachakura mpaka akakipata. Kifuniko hakijaguswa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwa jicho la haraka kilikuwa kitupu kweli. Kwa jicho la mwoshaji kulikuwa na utando chini, mwembamba kama pumzi ya mtoto kwenye kioo. Protini iliyokaushwa ndivyo ilivyo. Watafiti hukigonga kwanza kichupa mezani, unga ushuke, ndipo wafungue. Yeye amewaona mara ngapi. Msimamizi, mwenye vyeti ukuta mzima, hakujua.

"Alaa," msimamizi akasema, akanyoosha mkono. "Haya, lete, turudi kazini."

Mama Pacha akakibana kiganjani.

"Neno uliloniita mbele ya watu, lirudishe mbele ya watu. Na baba yangu umtoe mdomoni mwako."

Bomba la sinki lilidondosha tone, likadondosha jingine. Msimamizi akavitazama viatu vyake. "Samahani."

"Sakafu hiyo nimeipiga deki mwenyewe, haina kinyongo na wewe. Mimi niko huku juu."

Msimamizi akainua uso, akarudia, akamtaja na mzee. Safari hii walisikia wote. Ndipo Mama Pacha akakisimamisha kichupa mezani. Mkononi hakumpa.