Waridi Alilopanda Mkwe

Mama yangu, Nakhungu, alikuwa mwizi wa matawi, na sioni haya kusema. Akiona ua jipya pale kanisani Misikhu, ibada nzima macho yake yako dirishani. Tukifika nyumbani, kijiti kinatoka ndani ya leso, kinaingia kwenye mkebe wa udongo kando ya mtungi wa maji, na hakikawii kuchipua. Watu wa Matulo walikuja kumwomba mbegu. Mbegu gani, bana? Vijiti tu!

Lakini waridi la njano lilimshinda. Aliliona mara moja, Kitale, kwa mzungu ambaye mume wangu Barasa alimkamulia ng'ombe. Siku hiyo, ajabu, aliogopa kuiba. Basi akalitaja waridi hilo miaka na miaka mpaka tukachoka.

Mwaka wa 1951 Barasa akaamriwa aung'oe mti wenyewe na kuuchoma, banda lijengwe hapo. Alikata vijiti vitatu kwanza, akavifunga kwa gunia lililoloa, akapanda baiskeli kupitia Kamukuywa hadi kwa Mama, nilikokuwa nimekwenda kumtembelea. Hivyo vitatu vikikauka, Mama hataliona waridi lake tena.

Sasa, kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani wala hawaongei mpaka ifanywe sherehe ya kupeana mkono. Yetu ilikuwa bado. Mama kuona baiskeli tu, mbio, nyuma ya ghala! Barasa naye, kwa adabu yake ya kupita kiasi, alikuwa amekwangua miiba yote, ati isimchome mkwe. Vijiti vikabaki laini huku na huku, juu na chini havijulikani. Akavipanda mwenyewe karibu na lango, akashindilia udongo, akajipangusa mikono kwa furaha.

Nilimpelekea Mama uji kule alikojificha, nikamkuta ameshika kichwa.

"Rispah! Amevipanda juu chini! Macho ya kuchipulia yanatazama ardhi!"

"Si nikamwambie?"

"Umwaibishe mumeo kwangu? Thubutu!"

"Basi akienda tuvigeuze."

"Ukishang'oa alichopanda mkwe, umemwambia asirudi tena."

Machozi yalimlengalenga, maskini. Nilimhurumia. Mara kuku akapita akiparua, na Mama akapaza sauti mpaka majirani wakasikia:

"Wewe kuku! Uliona wapi muhogo ukipandwa macho chini? Wewe ukilazwa miguu juu, utataga?"

 Kisha nikamsikia Barasa kule langoni akiongea na baiskeli yake, kwa heshima kabisa:

"Baiskeli yangu, pole. Safari imetuchosha, hata hatuoni vizuri. Ngoja tugeuze hivi vijiti."

Mama alijitia leso mdomoni asisikike akicheka. Mimi nilimwaga uji.

Viwili vilikauka. Kimoja kikashika, na siku ya sherehe yetu ilipofika, lango lilikuwa la njano tupu. Barasa alikuja na blanketi la mkwe, jasho linamtoka. Wazee wote walitega masikio wasikie neno la kwanza la Mama kwa mkwe wake.

Mama akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, "macho juu."

Wazee wakatazamana. Barasa alicheka mpaka akakaa chini, na Mama akakaa karibu naye, kwa mara ya kwanza. Kisha akamtolea kijiti cha waridi kutoka kwenye leso, akapande nyumbani kwetu. Miiba yake yote ilikuwepo.