Mwano Ulipigwa, Mwanangu Hakutoka

Mwano ulipigwa mchana kweupe. Kijiji kizima kikatoka mbio, vikongwe na fimbo zao.

Mwanangu peke yake akabaki chumbani.

Kwa ambao hamjaishi Usukumani, mwano ni yowe la hatari. Ukilisikia unaacha hata tonge mkononi. Usipotoka, watu watauliza: huyu anamficha mwizi?

Mimi niliishia la saba, kuandika kwenyewe ni kwa kidole kimoja. Lakini wenye watoto nisomeni.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kumiminika Bariadi na malori, kila mmoja na mzani wake. Binti yangu Ng'washi alikuwa anasoma sheria akiwa nyumbani. Vitabu vya chuo vinaletwa na basi, anajisomea mwenyewe, halafu mtihani anaufuata Shinyanga mjini.

Balaa lilikuwa hapo, kwenye kuwa nyumbani.

Huku kwetu, msomi ni yule aliyepanda basi akaenda zake. Aliye nyumbani yupo bure.

"Mama Ng'washi, mwanasheria wako yupo? Aje atuangalizie mzani, hawa watu wanatuibia."

"Anasoma."

"Si amekaa tu jamani?"

Msiba kule Malampaka, Ng'washi atangulie kupika. Harusi ya jirani, Ng'washi akachote maji. Mtoto anashika kitabu, anaitwa. Anarudi, anashika tena, anaitwa.

Akafeli. Chuo kikamwambia ana nafasi moja tu, akianguka tena wanamfuta.

Mitihani imekaribia, ndo mwano ukapigwa. Ng'ombe wa jirani yetu Maganga walikuwa wameibwa malishoni. Nilikimbia na wenzangu mpaka ng'ambo ya mto, miguu ikavimba. Ng'ombe walipatikana, Mungu mkubwa.

Tunarudi, mtu akauliza, "Na yule msomi, mbona sikumwona?"

Nikajifanya sijasikia.

Kesho yake tukaitwa mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Mtemi wao, yaani mkuu wao, alikuwa mzee Machibya, mtu asiyecheka.

"Binti, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, baba. Nilikuwa nimeziba masikio kwa pamba. Sikusikia."

"Kumbe!" akadakia mmoja nyuma. "Sisi pamba tunauza, mwenzetu anazibia masikio!"

Watu wakacheka. Machibya akangoja wanyamaze.

"Nyumba hii imetengwa. Hakuna kuwasalimia, hakuna kuwapa moto, hakuna kuwaita kwenye shughuli yoyote. Mpaka binti alete mbuzi na aombe radhi."

Mbuzi ninaye! Nikaenda moja kwa moja zizini, nikamfunga kamba.

Ng'washi akaishika ile kamba.

"Mama, mrudishe."

"Wee! Una wazimu?"

"Nitampeleka mwenyewe, nikishamaliza mtihani. Nakuomba, mayu, mama yangu."

Nilimtazama nikachoka. Nikadhani ni kiburi cha shule.

Jamani, kutengwa kusikieni tu kwa wengine. Unasalimia "mwangaluka" asubuhi kisimani, wanawake wanatazama ndoo zao. Milembe, rafiki yangu tangu usichana, alikuwa akiniona anahamia upande wa pili wa njia. Pamba yetu ilipasuka shambani, na kuvuna huku ni kwa kusaidiana. Hakuja mtu. Nilivuna peke yangu mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na nyingine ikanyeshewa.

Ng'washi alikuwa ndani. Hakuna aliyegonga. Siku nzima ni sauti yake tu, anajiuliza swali, anajijibu.

Akaenda Shinyanga, akafanya.

Siku ileile aliyorudi akampeleka mbuzi, akapiga magoti, akaomba radhi. Wazee wakala, yakaisha. Majibu yalipotoka, alikuwa amefaulu masomo yote.

Nikamkumbatia. Nikamwambia, "Ile pamba ya masikioni nusura ituue, lakini imekusaidia."

Akajitoa mikononi mwangu. Halafu akasema, "Mama, mwano niliusikia."

"Nini?"

"Niliusikia vizuri kabisa. Pamba niliiweka mlipokwisha kutoka. Nilijua asiyetoka anatengwa, na aliyetengwa haitwi popote. Sikuona njia nyingine ya watu kuniacha nisome."

"Na mimi je? Hukuniwaza?"

"Ningekuambia, ungekwenda kwa Machibya kuniombea radhi siku hiyohiyo."

Kweli, ningekwenda.

Leo ni wakili, anaheshimika. Milembe na mimi tunasalimiana, ila kukaa pamoja kama zamani, hapana.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayesomea nyumbani, simama mlangoni useme hayupo, amesafiri. Wakuone una roho mbaya, poa tu. Usipomkingia, atajikingia mwenyewe, na hujui atachagua ukuta gani.

Hadi leo mwano ukipigwa, kabla sijatoka nageuka kutazama kile chumba. Mlango uko wazi, hakuna mtu.

Ndipo nakimbia.