Mume Wangu Ameziba Tone la Mama

…na narudia tena, mume wangu hana kosa. Najua ukurasa huu umezoea barua za wanawake waliopigwa na kuachwa. Mimi nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, naishi hapa Garissa, na nimeolewa juzi tu na mwanamume anayeniita "macaan", mtamu wangu, hata mbele ya mama yake! Akirudi kutoka dukani moyo wangu unaruka kama mwanambuzi. Ndiyo maana nalilia jikoni, asinione. Ficheni jina langu.

Mama alifariki nikiwa bado shuleni. Mifugo ilikuwa imekwisha kwa ukame, kwa hiyo aliniachia kitu kimoja: dhiil yake, chombo cha maziwa alichokisuka mwenyewe kwa nyuzi za mizizi. Upande mmoja mshono umelegea, maziwa hudondoka. Nilipokuwa mdogo nilimwambia, "Hooyo, shona basi, maziwa yanaisha!"

Akanijibu, "Acha. Hilo tone si letu. Ni la Mungu, atampa amtakaye."

Hata mwaka ule tulipobaki na ngamia mmoja, hakushona. Sisimizi walikunywa kabla yetu.

Nilikuja kumwelewa nilipoolewa. Kila asubuhi niliifukiza dhiil kwa makaa, nikamimina maziwa, na tone likianguka sakafuni nilimwombea mama rehema. Sijawahi kuomba dua kwa moyo mwepesi namna ile. Nilihisi mama ananiitikia.

Wiki jana mume wangu aliingia akiwa ameficha kitu mgongoni, anacheka. "Macaan, fumba macho!"

Nikafumba.

"Sasa fumbua! Fundi wa matangi ya malori ameiziba kwa lami. Hata ukitia petroli, haitoki!"

Akatia maji, akaiinua juu ya kichwa chake. Hakikudondoka kitu.

Nilimkumbatia nikalia, naye akadhani ni furaha. Akawaita majirani waje waone. Mama mmoja akapiga makofi, "Wallahi, dhiil ya lami! Sasa mtakamua lori?" Wote wakacheka, mume wangu kuliko wote.

Ndugu zangu, dhiil haiishi bila moshi. Nikitia makaa, lami itayeyuka. Nisipotia, maziwa yataharibika. Nilijaribu kuikwangua kwa kisu, nyuzi za mama zikaanza kukatika pamoja na lami. Nikaacha. Sasa iko kando ya kitanda changu, inanuka kama barabara mpya, na asubuhi nikimaliza kuswali sina pa kuanzia dua ya mama.

Habaryar, yaani dada yake mama, anaishi Bura. Ngamia wake amezaa. Ameagiza niende na dhiil, anywe tena kutoka chombo cha dada yake. Mume wangu anahesabu sifa tayari: "Ataniombea dua huyo mama, utaona!" Nikimwambia ukweli, nitamvunja moyo mtu aliyetaka kunifurahisha tu. Nikinyamaza, habaryar ataishika dhiil, asubiri tone, na lisije, mume wangu akiwa amekaa pale anatabasamu.

Nimwambie sasa, au nimwachie habaryar amwambie? Nishaurini upesi, maana dereva wa basi ameshaupeleka ujumbe wangu Bura: kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi, mume wangu na dhiil ya mama.