Siku Niliyomnawisha Mama Mkwe kwa Sabuni ya Maabara

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu pale shuleni kila mtu ameshalisimulia kwa namna yake, hadi ukimsikiliza mlinzi wa getini utadhani nilitaka kuua mkoa mzima, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi niliyelifanya, maana aibu niliyo nayo inanitosha, sihitaji kuongezewa chumvi.

Mnajua mimi ni mpishi mkuu wa sekondari ya wasichana hapa mjini Tabora, na siku yenyewe ilikuwa mahafali ya kidato cha nne, mwanangu Shani akiwa mmoja wa wahitimu. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu Bi Nyamizi, alishuka kwenye treni asubuhi kutoka Goweko. Huyu mama ni mfinyanzi. Vyungu na mitungi yake ndiyo iliyomsomesha mume wangu, na mpaka leo, na umri wake ule, anakanda udongo mwenyewe, na mikono ile miwili ndiyo inayompa kula. Mimi na yeye hatukuwa maadui, lakini kila akija alikuwa na neno lake kwa majirani: "Mkwe wangu kupika anajua, kutulia ndiko hajui." Basi siku hiyo nikaapa moyoni kwamba atanikuta nimetulia mpaka ashangae.

Sasa kwetu mgeni hainuki kwenda kutafuta bomba. Anakaa, unamfuata na jagi na beseni, unainama, unamnawisha, na mama mkwe ndiyo kabisa, ukimwacha ajinawie mwenyewe ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Saa saba mchana, pilau limeiva, wageni wamekaa kwenye hema, naulizia sabuni ya maji, naambiwa imekwisha, wasaidizi wangu wameoshea masufuria yote. Kimebaki kipande cha sabuni ya mche kimejaa masizi. Nikampelekee hicho mama mkwe, tena amekaa meza ya mbele na mkuu wa shule? Aka! Duka lipo ng'ambo ya barabara tu (hapo ndipo ningeokoka), lakini miguu ilikuwa inaniuma na kiburi kilikuwa kizima, nikaona nikatafute humu humu ndani.

Nikapita nyuma ya maabara. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, maana Mwalimu Kasanda, yule wa kemia, alikuwa akitoa vifaa vya kuwaonyesha wazazi majaribio, na dakika ile ameitwa nje. Juu ya meza kuna dumu jeupe, safi, limeandikwa Kiingereza kitupu, na pembeni pana picha ndani ya mraba mwekundu uliosimama kwa pembe. Vichupa viwili vimeinamishwa, kimoja kinadondoshea maji kwenye mkono, kingine kwenye kitu bapa kama meza, na juu ya mkono kuna vistari vinapanda. Nikaisoma palepale, tena bila miwani. Mkono unanawishwa. Meza inaoshwa. Vistari ni povu. Nikasema, wazungu hawa wana akili, wametukumbuka hata sisi tusiojua lugha yao! (Nilivyojisifu siku ile, nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.)

Lakini msinione mjinga kabisa, nilijaribu kwanza. Nikachovya ncha za vidole viwili, nikasugua. Ikateleza! Inateleza kama sabuni hasa, na haina harufu. Basi nikajaza kwenye chupa ya plastiki ya ile sabuni iliyokwisha, vidole nikajifutia kwenye khanga, nikatoka nimenyoosha shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Shani. Leo umenikumbuka mapema."

"Nimekuja kukunawisha mama, tena kwa sabuni nzuri."

Akatazama kucha zake. "Hizi zina udongo wa tangu juzi, mkwe. Za kumiminia juu juu hazitanisaidia. Nitilie humo kwenye beseni niloweke."

Nikafurahi kama nimepewa zawadi. Beseni lenyewe la alumini nimelishika kwa kiganja cha kushoto, nikaminya chupa mpaka nusu, nikaongeza maji kidogo tu ili nguvu yake isipotee, na yeye akaanza kuvua bangili zake za shaba, moja moja, hana haraka. Hajamaliza ya pili, beseni likaanza kuongea. Ssss! Kama kitunguu kimetiwa kwenye mafuta. Viputo vikajaa, vikapanda, na chini ya kiganja changu nikasikia joto, halafu joto likawa moto. Subhanallah! Hapana jiko, hapana mkaa, beseni linachemka lenyewe mkononi mwangu!

Mtu mwenye akili angeliweka chini akimbie. Mimi? Watu wote wananitazama, nikatabasamu.

"Ni povu hilo, mama. Sabuni ya kisasa."

"Povu gani linatoa moshi, Mama Shani?"

"Tia tu mikono mama, kabla halijaisha."

Nilimbembeleza. Mama wa watu akanitazama, akaona asiniaibishe mbele ya wakubwa, akainama, vidole vyote kumi vikawa juu ya ule mvuke, na ndipo nikasikia mtu anapiga kelele anakuja mbio kutoka upande wa maabara: "Mikono juu! Mikono juu jamani!"

Alikuwa Mwalimu Kasanda. Amerudi stoo, amekuta dumu liko wazi, ameuliza jikoni, ameambiwa Mama Shani amepita na chupa. Basi kusikia vile, hema zima likanyanyua mikono. Mkuu wa shule mikono juu, mgeni rasmi mikono juu, mpiga picha ameachia kamera inaning'inia shingoni, wazazi wa nyuma wamelala chini wakidhani tumevamiwa. Na Bi Nyamizi naye, alhamdulillahi, akanyanyua.

Mwalimu akanipokonya beseni kwa glavu, akalitua kwenye nyasi mbali na majiko, kisha akanishika kifundo cha mkono, huyo, ananivuta bombani. Na mimi njia nzima napayuka! "Mwalimu, unanidhalilisha kwa ajili ya sabuni? Kwani siwezi kusoma? Picha yake nimeiona kwa macho yangu, na vidoleni nimeijaribu ikateleza! Lileteni dumu watu waone!" Wageni wakaacha viti, wakatufuata. Pilau likaachwa linapoa. Akafungulia maji, akaviweka vidole vyangu chini yake, akasema nisivitoe mpaka aniambie, na dumu kweli likaletwa.

"Haya mama, hapa unaona nini?"

"Mkono unanawishwa," nikajibu kwa sauti, ili wasikie hata wa nyuma.

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, na Shani wangu akaficha uso ndani ya joho. Mwalimu peke yake hakucheka. Akamwomba mkuu wa shule miwani, akanivalisha.

"Tazama tena, taratibu."

Nikatazama. Mkono ule haukuwa mzima. Pale tone linapodondokea pameliwa, na ile niliyoiita meza nayo ina shimo.

"Hii ni kostiki, mama," akasema kwa upole. "Hata wanaopika sabuni huanza na hii, ila wao huichanganya na mafuta. Wewe hukuipa mafuta. Ule utelezi uliousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako, ndiyo yaliyoanza kugeuka sabuni."

Kicheko kikakatika. Mimi mwenyewe nikavitazama vidole vyangu kama si vyangu. Kisha akaenda kule kwenye nyasi, akaliinua lile beseni, ambalo miaka yote nalisugua kwa mchanga na halijawahi hata kupinda, na jua la saa nane likapenya chini yake kwenye vitundu. Maji yasiyo na rangi wala harufu, yaliyotulia ndani ya dumu kama ya kunywa, yamekula chuma! Sijapata kuona kitu kama kile, na sijui kama ni hofu niliyoisikia au ni kama vile umeingia mahali patakatifu na viatu miguuni.

Bi Nyamizi akasogea. Akalitazama beseni, akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja, akaigeuza tena. Nikajikaza nisubiri tusi.

"Ningefinyanga na nini, Mama Shani?"

Basi. Nikalia mbele ya watu wote, maji yanatiririka na mimi natiririka.

Vidole vyangu vilichubuka mpaka alama zake zikapotea kwa muda (nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikanikataa, yule dada akaniuliza kama nimefariki). Wiki ile ile nilikwenda kwa Mwalimu Kasanda kwa miguu yangu, akanionyesha picha zote, ya moto, ya fuvu, ya mtu mwenye nyota kifuani anayeharibika ndani taratibu bila kujijua, na kila moja niliitazama kwa heshima. Na nimeapa, wallahi, chombo chochote nisichokijua sikifungui mpaka niulize, hata kama nitakayemuuliza ni mtoto wa kidato cha kwanza na atanicheka mpaka kesho.

Lakini mchana ule, wageni waliporudi mezani, mimi nilijificha jikoni nimeketi juu ya kibao, vidole vinawaka, wali siwezi hata kuugusa. Bi Nyamizi akanifuata. Akaketi chini kwenye jamvi, akavuta sahani ya pilau, akafinyanga tonge. "Fungua mdomo," akasema, na tangu nimeolewa alikuwa hajawahi kunilisha. Nikala, tonge baada ya tonge, sikuweza kumtazama usoni, naitazama ile mikono tu, imezeeka, imekauka, ina udongo kwenye kucha, mizima.