Mbuzi wa Ntheo Waliopokelewa Bila Mimi

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka dadu zikaruka, moja ikaenda kujificha chini ya kabati. Msimulizi wetu alikuwa amemaliza tu kunisomea daftari lake, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti, kwamba mrina asali wangu ameolewa. Ati ameolewa na mkuu wa bonde, lile bonde tuliloapa kulipita bila kusimama. Mbuzi wamepelekwa kwao, wamepokelewa, na sasa yuko kwa mume anapika. Safari ya mlimani iendelee na wengine.

Nilikuwa nimekosa Jumamosi mbili tu. Mtoto alikuwa na homa.

Kama hujawahi kucheza mchezo wetu, ni hivi. Msimulizi ana saiba, duka la intaneti, mjini Machakos, na Jumamosi alasiri tunakutana chumba cha nyuma, watu wanne. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Msimulizi anatuambia nchi ilivyo, mvua, adui, mto umefurika. Sisi tunasema watu wetu wanafanya nini, na jambo likiwa la hatari, dadu zinaamua. Mimi wangu ni mrina asali, mwanamke anayepanda miti na majabali na mzinga mgongoni. Niko naye pia wa mti, sanamu ya urefu wa kidole iliyochongwa na mzee mmoja wa Wamunyu. Mwingine ni mfanyabiashara Msomali anayeuza mbuzi sokoni. Mtu wake ni mlinzi wa ngamia. Kwa vile huyo Msomali ndiye mkubwa wetu, ndiye mwenyekiti. Wa mwisho ni msichana wa ofisi moja hapa mjini; mtu wake ni mganga, na yeye ndiye katibu. Ndiyo, tuna mwenyekiti na katibu. Tuna hata katiba. Hapa kwetu watu wanne wakikaa pamoja mara mbili, lazima kuwe na katiba.

Sijui nieleze vipi vile huo mchezo unanichemsha damu. Kuna siku wezi wa maji walituzingira chini ya jabali. Nikasema mrina asali anapanda, anatoboa mzinga, anawamwagia nyuki. Msimulizi akasema nahitaji sita, si chini. Nikarusha. Dadu ikazunguka, ikazunguka, ikasimama sita, na mwenyekiti akaruka juu mpaka kofia ikamdondoka. Nilienda nyumbani siku hiyo nikicheka peke yangu barabarani kama nimerukwa na akili.

Na elewa hali yangu. Mama mkwe anaamua mtoto ale nini. Kliniki inaamua niende lini. Baba mtoto naye anaamuliwa na zamu za kiwanda huko Athi River. Kwa wiki nzima, mtu mmoja tu anaenda pale nimesema aende, na huyo ni wa mti, urefu wa kidole.

Kwa hivyo niliuliza, nani alisema anataka kuolewa. Msimulizi akafungua katiba, akaweka kidole: mchezaji asipokuja, msimulizi atamchezea. Akaongeza kwamba hata mimi nilinyoosha mkono siku tunaipitisha. Ni kweli, nilinyoosha. Tuliipitisha kwa sababu mwenyekiti alikuwa akikosa sana, akifuata mbuzi Garissa. Lakini nilimkumbusha: mwenyekiti akikosa, mlinzi wake wa ngamia analala kando ya moto, anaamka na upanga wake na ngamia wote. Mwanamume akikosa, analala. Mimi nikikosa, naolewa?

Katibu aliacha kuandika. Msimulizi akasema hadithi ilihitaji amani na watu wa bonde, na ndoa ndiyo njia ya haraka. Halafu akatoa silaha yake. Ntheo imeshapelekwa, akasema, na wewe ni Mkamba, unajua ntheo hairudi nyuma.

Najua sana. Hao ni mbuzi wa kumuombea msichana. Wakishapokelewa kwa wazazi wake, huyo ni mke wa mtu, hata kama bado yuko kwao anachota maji. Msimulizi ni wa Ndithini, amelelewa na hiyo mila. Alitaka kunifungia kwa kufuli la nyumbani kwetu.

Mwenyekiti akaweka kikombe cha chai chini polepole. Akauliza, "Mbuzi wangapi?"

"Wawili."

"Kijana, mimi nauzia Wakamba mbuzi wa ntheo kila mwezi. Hakuna hata mmoja amewahi kuniitisha wawili. Wanataka watatu, na dume wanamkagua mpaka meno."

Katibu alicheka mpaka akashika tumbo. Msimulizi, masikio yamemsimama, akachukua penseli, akafuta wawili, akaandika watatu. Hivyo tu. Akapuliza vumbi la kifutio.

Hapo ndipo nilisimama. Niliwaambia vile ntheo yangu ilikuwa. Nilikuwa jikoni kwetu namenya viazi, wageni wamekuja na mbuzi, wazee wamekaa. Nikaitwa. Nikaingia na maganda kwa vidole, nikaulizwa mbele ya watu wote kama nawajua hawa, na kama mbuzi wao wapokelewe. Baba yangu ni mtu mkali, lakini hakugusa kamba ya mbuzi mpaka nikajibu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijibu mwenyewe.

"Sasa niambie," nikamwambia msimulizi, "wangu aliulizwa na nani?"

Akasema hakukuwa na mtu wa kuuliza.

"Simu niko nayo."

Akasema kama nina malalamiko, katiba inasema yaandikwe kwa mwenyekiti, nakala mbili. Nafikiri aliona nitachoka. Nilimchukua mrina asali mezani, nikamtia kwa mkoba kati ya nepi na chupa ya maziwa, nikaondoka. Barua rasmi nilifundishwa kidato cha tatu na nilikuwa mzuri. Maji ya ugali hayakuwa yamechemka nilipomaliza. Jumatatu nilimpelekea mwenyekiti sokoni, akaisoma amesimama katikati ya mbuzi, mmoja akijaribu kuila pembeni. Niliandika hivi:

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi chetu cha Jumamosi,
Machakos.

MINTARAFU: KUOZWA KWA MRINA ASALI BILA KUULIZWA

Mwenyekiti,

Nalalamika rasmi juu ya msimulizi wetu. Nchi ni yake, mvua ni yake, wezi wa maji ni wake, na akitaka kutuangushia jabali aangushe, nitarusha dadu kama wengine. Lakini mrina asali ni wangu. Akiogopa, nitasema mimi. Akipenda mtu, nitasema mimi. Hata akifa, msimulizi ataleta kifo na mimi nitasema alikufa akifanya nini.

Naomba ndoa hiyo ifutwe na mbuzi warudishwe, wawe wawili au watatu, kwa kuwa mwenyewe hakuitwa. Naomba pia kile kifungu kibadilishwe: mchezaji asipokuja, mtu wake alale salama, awe mwanamume au mwanamke. Nakubali nilikipigia kura. Nilikosea.

Sitaki msimulizi aondolewe. Hakuna mwingine anayejua kuleta dhoruba kama yeye.

Jumamosi nitakuja na mrina asali, na mtoto mgongoni ikibidi. Mara ya mwisho nikiwa hapo tulimwacha kwenye jabali, kamba imeshafungwa, na zamu ya kurusha ilikuwa yangu. Naidai.

Mchezaji wa mrina asali.

Nakala: Msimulizi.