Mwaka Tuliobishania Dawa ya Binti Yetu

Nilimchapa binti yangu mbele ya darasa zima kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Hiyo ndiyo sababu, na sitaki kuipamba. Mtoto alikuwa na miaka saba, gredi ya pili, katika shule ninayofundisha karibu na Minjila, kando ya mto. Kosa lake lilikuwa kuinuka kitini mara ya nne kabla ya mapumziko, safari hii kwenda kumwonyesha rafiki yake mdudu aliyetambaa ukutani. Mwenzangu akacheka: "Kumbe wa mwalimu hawachapwi?" Nikachukua fimbo. Alipomaliza kulia, mtoto aliniuliza kama sasa anaweza kwenda kumtazama yule mdudu.

Hakuwa mjinga. Hesabu za mdomo alizijibu kabla sijamaliza kuuliza, lakini daftari lake lilijaa nusu za maneno na michoro ya mbuzi. Ukimtuma chumvi, atarudi baada ya saa nzima bila chumvi, ana habari za nyumba sita. Aliwahi kuvunjika mkono kwa kuruka kutoka juu ya tangi la maji, na alipoulizwa alikuwa akifikiria nini, alisema hakufikiria.

Mama mkwe wangu alisema nimemdekeza. Kanisani walisema ni roho ya kutotulia, tukafunga siku tatu, na wazee wanne wakamwekea mikono kichwani huku yeye akihesabu kwa sauti vifungo vya shati la mmoja wao. Mimi nilisema ni utundu. Mimi, niliyewahi kukaa katika semina mjini Hola ambapo mkufunzi alizungumza nusu saa nzima juu ya watoto wa namna hii. Niliandika kila neno kwa mwandiko mzuri, nikapewa cheti cha kuhudhuria.

Siku moja ya kiangazi hakurudi darasani baada ya mapumziko ya saa nne. Tulikimbilia mtoni kwanza, kwa sababu ya mamba. Mume wangu alikuja mbio kutoka shambani, akaingia majini hadi kifuani, akipapasa kwenye matete na kumwita mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Saa kumi na moja jioni, mfugaji mmoja wa Kiorma, mtu wa makamo, aliingia uwanjani kwetu akiwa amemshika mtoto mkono.

"Mwalimu, hii toto yako iko sawa," alisema. "Ilifuata ng'ombe. Imekunywa maziwa. Saa hii inajua ng'ombe yote kwa jina."

Nilimnyakua nikaanza kumpiga hapo hapo kwa kiganja, mgongoni, miguuni, popote. Yule mtu akaingiza fimbo yake ya kuchungia katikati yetu, taratibu, kama anayezuia ndama.

"Wacha kupiga, Mwalimu. Hii toto haikukimbia wewe. Ilisahau tu."

Mgeni aliyekaa naye mchana mmoja alikuwa amemwona. Mimi nilikuwa nimemzaa.

Ndipo tukaenda Mombasa kwa daktari wa watoto, mama kijana asiye na haraka. Alisoma ripoti za shule, akamwacha mtoto apande na kushuka kitanda cha wagonjwa apendavyo, kisha akatuuliza maswali. Anapoteza vitu? Anadakia watu wakizungumza? Anaanza kazi na kuiacha katikati? Mume wangu alianza kwa kujibu haraka. Baada ya maswali matano hivi akaniachia mimi kujibu, akabaki anatazama mikono yake.

Daktari akataja herufi nne za Kizungu, jina la hali hiyo. Akasema si malezi mabaya wala si mapepo. "Akili anayo. Kinachomshinda ni kuizuia inapotaka kuruka." Kuna mambo ya kufanya darasani, alisema, na kuna dawa. Haimponyi, ila itamsaidia kutulia kwa saa kadhaa. Inaweza kumpunguzia hamu ya chakula. Angeanza na kiasi kidogo na kumpima uzito kila mara. "Uamuzi ni wenu."

"Mwanangu hanywi dawa ya wendawazimu," mume wangu alisema.

"Si dawa ya wendawazimu, baba."

"Kama si mgonjwa, ya nini basi?"

Tulibishana wiki nyingi. Yeye ni fundi wa pampu za maji na mkulima, ana mikono inayofufua mashine iliyotupwa, na ana mashamba matatu aliyoyaanza na hata moja hajalimaliza. Shule aliishia darasa la sita. Asubuhi moja tukipalilia migomba, alisimama akiwa ameshika jembe.

"Yale maswali," alisema. "Yote ni mimi."

Nikaegemeza jembe langu kwenye mgomba.

"Nikiwa darasa la tano, baba alinifunga kamba kwenye nguzo ya ghala ili nimalize kazi ya shule. Tangu adhuhuri mpaka giza. Mwaka uliofuata wakanifukuza. Leo mnaniambia kulikuwa na kidonge?"

"Hatukujua, baba watoto."

"Wazee wangu hawakujua. Wewe ulijua, Mwalimu. Una cheti."

Akarudi kupalilia. Baadaye, bila kuniangalia, akaongeza, "Akitulia kwa kidonge, basi mimi nilipigwa bure." Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akikataa dawa ya mtoto tu.

Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Nilijaribu yale mengine ya daktari. Nilimketisha mbele, nikamgawia kazi vipande vipande, nikamtuma kufuta ubao kila alipoanza kuhangaika. Ilisaidia. Kisha akapanda gredi ya tatu kwa mwalimu mwingine, ambaye nilimweleza kila kitu. "Siwezi kuendesha shule mbili ndani ya darasa moja," alinijibu, akampigisha magoti nje ya mlango. Nilipita pale mara mbili kwa siku nikienda kwenye darasa langu. Nilipita.

Jioni moja bibi yake alimgombeza kwa kumwaga maharagwe, naye akajibu kwa utulivu kabisa, kama anayetaja jina la kijiji chake: "Mimi sina akili, bibi. Ndiyo maana." Baba yake alikuwa kizingitini akivua viatu. Asubuhi aliniambia, "Mpeleke." Hakuja nasi.

Siku ya tatu ya dawa, aliandika ukurasa mzima. Herufi zilipinda lakini zilifika mwisho wa mstari. Nyumbani aliniuliza, "Mama, wenzangu huwa hivi kila siku?"

"Hivi vipi?"

"Kimya. Humu ndani ya kichwa."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Lakini chakula cha mchana alikiacha, na mashavu yakapungua. Nyimbo alizokuwa akizitunga akiosha vyombo zikakoma. Kanisani waliitwa watu washangilie maombi yaliyojibiwa, binti yangu akasimamishwa mbele, nami nikapiga makofi pamoja na wengine. Yule mwalimu wa gredi ya tatu alinisimamisha ofisini: "Unaona? Nimemnyoosha." Nikamwambia asante. Walimu wa kike tukizeeka katika kazi hii tunajua kusema asante kwa kila kitu.

Kisha mvua zikaja, mto ukafurika, barabara ya kwenda Malindi na Mombasa ikakatika. Shule ilifungwa na dawa ikaisha. Kwa wiki tano mtoto alikuwa yule wa zamani. Yeye na baba yake walifungua pampu mbili zilizozama, wakatandaza vyuma uani kote, wakasahau kula, wakadakiana maneno na kucheka. Alikula sahani mbili za wali. Aliimba.

"Unamwona?" mume wangu aliniuliza. "Huyo ndiye mwanangu."

"Shule itafunguliwa."

"Basi mgonjwa ni shule."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na mshahara unaotulisha unatoka huko huko. Uani kote, kati ya watu wote, ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiomba maji yapungue.

Barabara ilipokuwa bado mbovu nilivushwa kwa boti, nikafika Mombasa, nikarudi na dawa. Daktari alikuwa amenieleza kwamba siku za likizo mtoto anaweza kupumzishwa dawa. Nilimweleza mume wangu. Alisema, "Sawa," neno ambalo kwake ni mlango unaofungwa.

Siku ya kufungua shule nilikiweka kidonge kando ya kikombe cha uji. Mume wangu aliinuka, akachukua mfuko wake wa spana, akatoka bila kunywa chai. Mtoto aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Nikimeza, baba atakasirika?"

"Hapana."

Alimeza, akanywa uji nusu kikombe, akachukua mkoba. Baba yake alirudi jioni, akauliza kama mtoto alikula asubuhi. Nikamwambia alikula kidogo. Mpaka leo, kuhusu jambo hili, hatujaambiana tena zaidi ya hayo.