Robota Lililopumua

Harufu ya nyasi kavu zilizochacha, tamu kama sukari inayoungua sufuriani, nikiipata hata leo mwili hunisisimka. Cheka ukipenda. Baba alikuwa dereva wa lori Doha. Alichukua marobota ya nyasi bandarini akayapeleka kwenye mashamba ya ngamia, na siku ya mapumziko lori alililaza nyuma ya jengo letu, pale mtaa wa Najma.

Majira yale ya baridi mvua iliyapiga marobota kabla hayajafunikwa, kisha njia ya shambani ikajaa maji. Mzigo ukabaki kwetu siku kadhaa juu ya lori, chini ya turubai, karibu kabisa na madirisha ya majirani. Nami, msichana wa kuogopa baridi, nikagundua kuwa ukipenyeza mkono mle unakuta joto kama ubavu wa ng'ombe. Nikawa nakwenda kuegemea. Asubuhi moja ya ukungu nikatega sikio. Ndani kitu kilikuwa kinatafuna polepole, na mvuke ukitoka, ukikatika, ukitoka tena.

Nikamkimbilia Mama: robota linapumua! Mama ni mtu wa Unguja, hana mzaha na mashetani. Alitia makaa kwenye chetezo, akarushia ubani, akashuka akisoma Ayatul Kursi, mimi nimeng'ang'ania kanga yake. Alishaanza kuinua turubai ili amfukize huyo wa ndani, Baba alipotokea na mikate ya chai.

"Mama Salma, rudi na hicho chetezo! Rudi!"

"Kuna mtu humu, Baba Salma."

"Najua. Nitamtoa mimi."

Alichomeka nondo ndani ya robota, akaichomoa, akaigusa kwa kidole, akakirudisha upesi. Alivua saa yake, akanivisha mkononi. "Nitunzie, mwanangu." Kisha akaliondoa lori taratibu mno, akapotelea kwenye ukungu.

Alirudi jioni kwa miguu, hana lori, hana nyusi. Mama alilia kwa sauti. Mimi nilinuna kwa kunyang'anywa saa, na shuleni nikajigamba kuwa babangu kamtupa jini jangwani.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba nyasi zilizofungwa zikilowa maji hujipika zenyewe, zikasubiri upepo tu ziwake. Hilo halikunitisha sana. Kinachonitisha ni ile saa. Baba hakuwa akiivua hata akilala, na asubuhi ile aliniachia mimi, maana hakutegemea kurudi kuichukua.